Adolf Engler, Mtu Aliyeipanga Mimea kwa Koo

Katika milima ya Usambara upo mti mrefu wenye mbao nzuri na harufu ya kafuri, nao waitwa mkulo. Wachaga wa Kilimanjaro huuita mseri, na Wakikuyu huuita muthaiti. Mti ni mmoja, majina ni mengi. Je, mtu akitaka kuandika habari zake ili aeleweke Tanga, Moshi, Nyeri na hata Ulaya, ashike jina lipi? Kwa muda mrefu wataalamu wa mimea wameuita Ocotea usambarensis. Tena katika vitabu vyao, baada ya maneno hayo mawili ya Kilatini, huongeza herufi nne na nukta: Engl. Wengi wetu hupita juu ya herufi hizo bila kuziuliza maana yake. Leo twataka kuziuliza, kwa sababu nyuma yake yupo mtu. Mtu huyo alifanya kazi kwa zaidi ya miaka sitini, na kazi yake ilipatwa na mambo matatu ambayo kila moja lingetosha kuifuta. Haikufutika. Inafaa tujue ni kwa nini.

Heinrich Gustav Adolf Engler alizaliwa tarehe 25 Machi 1844 katika mji wa Sagan, nchi ya Silesia. Siku hizo Silesia ilikuwa chini ya mfalme wa Prussia. Leo mji huo ni wa Poland, nao huitwa Żagań. Alisoma katika chuo kikuu cha Breslau, akafundishwa elimu ya mimea na Profesa Heinrich Göppert, na mwaka 1866 akapata udaktari. Habari aliyoichagua kwa mtihani huo ilikuwa mimea midogo iitwayo Saxifraga, ambayo huota katika nyufa za miamba ya milima ya baridi, na jina lake kwa Kilatini lina maana ya mvunja mwamba. Baada ya hapo alifundisha katika shule ya sekondari huko Breslau hata mwaka 1871, na wakati huohuo akaendelea kuichunguza mimea yake.

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze kazi yenyewe, maana si watu wengi waijuao. Mkusanyaji akikuta mmea asioufahamu, hukata tawi lenye majani na maua au matunda, hulibana kati ya karatasi mpaka likauke, kisha hulibandika juu ya karatasi nene. Pembeni huandika mahali alipolikata, tarehe, kimo cha mlima, na jina lake mwenyewe. Maelfu ya karatasi kama hizo huwekwa kwa utaratibu katika makabati ya nyumba moja. Nyumba hiyo wataalamu huiita heribaria, nasi twaweza kuiita maktaba ya mimea.

Kazi ya mpanga-mimea ni kukaa katika maktaba hiyo na kulinganisha jani kwa jani, ua kwa ua, mbegu kwa mbegu. Akiona kwamba mmea fulani haujapata jina, huupa majina mawili kwa kufuata desturi iliyowekwa na Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1753: jina la kwanza ni la jenasi, ndilo kama jina la ukoo mdogo wa nyumba moja, na la pili ni la mmea wenyewe. Huandika pia maelezo yake, ambayo kwa muda mrefu sharti yalikuwa kwa Kilatini. Tangu mwaka 2012 yaruhusiwa kuandikwa kwa Kilatini au kwa Kiingereza. Na karatasi ileile aliyoitumia huwa shahidi wa jina lile. Huitwa kielelezo asili. Wataalamu wakibishana baada ya miaka mia, hawahukumu kwa maneno. Huenda kukitazama kielelezo.

Kazi ya namna hii haina shangwe. Mtu hukaa miaka mingi na majani makavu, na matunda ya jasho lake ni ukurasa mmoja katika kitabu ambacho wachache watakisoma. Lakini mganga atafutaye dawa, mkulima apambanaye na magugu, na bwana misitu ahesabuye miti, wote husimama juu ya ukurasa huo. Dawa iliyopatikana katika mti mmoja haimfai mtu yeyote ikiwa aliyetumwa kuuleta ataleta mti mwingine.

Mwaka 1871 Engler alikwenda Munich kuwa mtunzaji wa mkusanyo wa mimea. Huko alipewa sehemu katika kitabu kikubwa cha mimea ya Brazil kilichoanzishwa na Martius, na pia akaandika kwa ajili ya vitabu vya familia ya de Candolle ya Geneva. Koo za mimea alizozichagua si ngeni kwa wasomaji wetu. Ya kwanza ni ya magimbi, ambayo alichapisha habari zake mwaka 1879. Nyingine ni ya miembe na mikorosho, na nyingine tena ni ya ubani na manemane. Hizi mbili alizichapisha mwaka 1883. Mti wa manemane hasa, ambao utomvu wake twausikia kila mwaka katika Injili ya Mamajusi, jina lake la kitaalamu tangu mwaka huo ni Commiphora myrrha, na aliyeuweka katika jenasi hiyo ni Engler. Huota Somalia, Ethiopia, Uarabuni, na hata kaskazini-mashariki ya Kenya.

Mwaka 1878 aliitwa kuwa profesa Kiel. Mwaka 1884 akarudi Breslau kushika mahali pa mwalimu wake Göppert aliyekuwa amefariki. Na mwaka 1889 akaitwa Berlin kuwa profesa na mkuu wa bustani ya mimea. Alidumu katika kazi hiyo hata mwaka 1921, yaani miaka 32.

Bustani ya Berlin ilikuwa Schöneberg, mahali palipokwisha kuzungukwa na nyumba za mji. Engler aliihamishia Dahlem, nje ya mji wa siku zile, na kazi ya kuijenga upya ilichukua miaka tangu 1897 hata 1910. Bustani hiyo ina eneo la hekta 43 hivi. Hakuipanga kwa uzuri wa maua peke yake. Sehemu kubwa aliigawa kwa nchi za dunia, ili mtu atembeaye aione mimea ya Alpi, kisha ya Himalaya, kisha ya Japani, kila moja pamoja na jirani zake wa asili. Humo ilijengwa nyumba kubwa ya vioo, yenye urefu wa mita 60 hivi, ambamo mimea ya nchi za joto huishi wakati theluji inaanguka nje.

Mpango huo waonyesha fikira iliyomwongoza maisha yake yote. Engler hakuridhika kujua mmea ni upi. Alitaka kujua pia kwa nini uko pale ulipo. Katika kitabu chake cha juzuu mbili, kilichotoka mwaka 1879 na 1882, alieleza jinsi mimea ya dunia ilivyoenea na kutengana katika zama za kale, ardhi na hali ya hewa zilipokuwa zikibadilika. Kwake yeye msitu ulikuwa historia. Na mtu akijua kuusoma, utamwambia habari za mvua, baridi na milima ya zama ambazo hakuna mwanadamu aliyeziandika.

Kazi iliyompa sifa duniani kote ni kitabu cha koo za asili za mimea, alichokianza mwaka 1887 pamoja na Karl Prantl. Prantl alifariki mwaka 1893, na Engler akaendelea akiwagawia kazi wataalamu wengi wa nchi mbalimbali, mpaka juzuu za mwisho zilipotoka mwaka 1915. Humo zilipangwa jenasi za mimea zilizojulikana, kutoka mimea midogo ya majini hata miti mikubwa ya misitu. Mwaka 1900 alianzisha kazi kubwa zaidi, iliyokusudia kueleza kila aina ya mmea ulioko duniani. Juzuu nyingi zilitoka, lakini kazi hiyo ilipita nguvu za kizazi kimoja, wala haikukamilika.

Sasa tuje kwetu. Tangu mwaka 1891 serikali ya Kijerumani iliweka katika bustani ya Berlin ofisi ya kushughulikia mimea ya makoloni, na mizigo ya matawi makavu ikaanza kufika kutoka Afrika ya Mashariki. Carl Holst alikusanya Usambara, Georg Volkens Kilimanjaro, Franz Stuhlmann pwani na bara. Walter Goetze alikusanya nyanda za kusini, akafa huko mwaka 1899 akiwa bado kijana. Kutokana na mizigo hiyo Engler alitoa mwaka 1895 kitabu cha mimea ya Afrika ya Mashariki na nchi jirani. Hata kabla yake, mwaka 1892, alikuwa amekwisha kuchapisha habari za mimea ya milima mirefu ya Afrika, naye hajakanyaga hata mmoja wa milima hiyo.

Mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka 58, alikuja kuiona kwa macho yake. Alifika Usambara, akafika na Kilimanjaro. Ndio mwaka ambao kituo cha Amani kilianzishwa, ambako miti ya nchi nyingi za joto ilipandwa ili ijaribiwe. Katika misitu ile Engler aliona kwa hakika jambo alilolisoma katika matawi makavu: kwamba baadhi ya miti ya Usambara ina ndugu zake mbali sana, katika misitu ya Afrika ya Magharibi, na katikati yake kuna nyika kavu isiyowafaa. Mfano ni msambu, ambao yeye aliuita Allanblackia stuhlmannii kwa heshima ya Stuhlmann. Wenyewe hauoti mahali pengine ila katika milima ya Tanzania, lakini jenasi yake ina miti mingine huko Kamerun na Ghana.

Hapa haki yataka tuseme neno. Wasambaa waliujua msambu na kuyatumia mafuta ya mbegu zake kabla Stuhlmann hajazaliwa. Wapagazi waliobeba mizigo ya karatasi, na wenyeji walioonyesha njia na kutaja mti gani ni upi, majina yao hayaonekani katika vitabu isipokuwa kwa nadra. Tena kazi hiyo ilifanyika chini ya utawala wa kigeni uliotaka kujua mali ya nchi ili uitumie, na katika miaka ileile watu wa kusini walimwaga damu katika vita vya Majimaji. Engler alikuwa mtumishi wa dola hiyo. Kusema hivyo si kumshtaki mtu aliyekwisha kufa; ni kutoa hesabu kamili, maana hesabu iliyoachwa nusu humdanganya mwenye kuisoma.

Ndipo yakaja yale mambo matatu tuliyoyataja.

La kwanza ni kuanguka kwa dola. Vita vya mwaka 1914 vilipokwisha, Ujerumani ilikuwa imepoteza makoloni yake yote, na Amani ilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu 1916. Engler alikuwa amepita miaka sabini. Mtu mwingine angalisema kwamba kazi yake ya Afrika haina mwenyewe tena. Yeye aliendelea na kitabu chake kikubwa cha mimea ya Afrika, kilichoanza kutoka mwaka 1908, na juzuu ya mwisho ikatoka mwaka 1925, nchi yake ikiwa haina tena hata shamba moja la kutawala katika bara hili. Na wataalamu wa Uingereza hawakuyatupa majina yake kwa kuwa yalitolewa na adui. Waliyapokea na kujenga juu yake. Mkusanyo wa Amani ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kuanzia mwaka 1952 vitabu vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania vilianza kutolewa, vikamalizika mwaka 2012, navyo vyaeleza aina zaidi ya 12,000. Ukivifungua, zile herufi nne utazikuta mara kwa mara.

La pili lilikuwa zito zaidi kwa mwanachuoni: nadharia yake ilipitwa. Engler alidhani kwamba mimea yenye maua madogo yasiyo na petali ndiyo ya kale zaidi, na yenye maua makubwa yalifuata. Kwa hiyo aliuweka mvinje, mti tuuonao ufukoni mwa bahari, mwanzoni mwa mimea yote ambayo mbegu zake hupasuka vipande viwili kama maharage. Baadaye wataalamu walitambua kwamba maua ya mvinje si ya kale. Ni maua yaliyopoteza sehemu zake, kwa kuwa mti huo hubebewa poleni na upepo, wala hauna haja ya kuwavutia nyuki. Tangu mwaka 1998 mpango mpya umewekwa, uliotokana na kuchunguza chembe za urithi zilizomo ndani ya mimea, nao umeupeleka mvinje kwenye oda moja na mialoni ya Ulaya. Hata baadhi ya majina yake yameanguka. Ua lenye bua laini lipandwalo kivulini penye nyumba nyingi, ambalo yeye na Otto Warburg waliliita Impatiens holstii kwa heshima ya Holst, lilionekana kuwa ni lilelile lililopewa jina na Mwingereza Joseph Hooker mwaka 1868. Na sheria ya wapanga-mimea ni kwamba jina lililotangulia ndilo lishikalo.

La tatu Engler mwenyewe hakuliona. Alifariki Berlin tarehe 10 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 86, akazikwa ndani ya bustani yake ya Dahlem. Mahali pake palikuwa pamekwisha kushikwa na Ludwig Diels. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Machi 1943 ndege za vita ziliangusha mabomu juu ya Berlin, na maktaba ya mimea ikashika moto. Karatasi kavu zilizokusanywa kwa zaidi ya karne moja hazikuhitaji muda mrefu. Mamilioni ya nakala yaliteketea, pamoja na vitabu. Sehemu ndogo tu ilipona. Humo viliungua vielelezo asili vya mimea mingi ya Afrika ya Mashariki, vile mashahidi ambao kila mabishano yalipaswa kuwarudia.

Je, kilichobaki ni nini? Dola ilianguka, nadharia ikapitwa, nyumba ikaungua. Lakini neno usambarensis alilolitoa bado limo katika jina la mkulo, na bado mtu aweza kulithibitisha. Sababu yake ni nyepesi. Desturi ya wakusanyaji ilikuwa kukata matawi kadhaa ya mti mmoja. Berlin ilijiwekea moja, na mengine ilibadilishana na maktaba za nchi nyingine bila kuuza. Adolf Stolz, mmisionari wa Moravian huko Kyimbila karibu na Tukuyu, alikusanya mimea mingi mwanzoni mwa karne ya 20, na nakala zake ziligawanywa katika miji mingi. Berlin ilipoungua, ndugu za karatasi zile walikuwa salama London, Brussels, Geneva na kwingineko. Tena kabla ya vita mtaalamu wa Kimarekani, Macbride, alikuwa amepiga picha maelfu ya vielelezo asili kwa ajili ya makumbusho ya Chicago, hasa vya mimea ya Amerika. Baada ya vita wataalamu walikwenda nyumba kwa nyumba, wakazitafuta nakala zilizopona, wakazichagua ziwe mashahidi badala ya zile zilizokufa.

Twasema akiba haiozi. Ni kweli, lakini akiba iliyofungiwa nyumba moja yaweza kuungua. Kilichoiokoa kazi ya Engler si kile alichokitunza Berlin kwa makufuli, bali kile ambacho yeye na wenzake walikuwa wamekitoa. Na kilichoiokoa katika makosa yake ni kwamba aliandika kila jambo kwa namna ambayo mwingine angeweza kulipima. Aliacha maelezo, mahali, tarehe na kielelezo. Aliyekuja nyuma yake akiwa na macho makali zaidi aliweza kumsahihisha bila kuanza upya.

Katika vijiji vyetu bado wapo wazee wajuao mimea mia mbili au mia tatu kwa jina na kwa kazi: huu ni wa homa, huu ni wa mpini, huu usiuguse. Elimu hiyo mara nyingi imefungiwa kichwa kimoja, na mzee akizikwa huzikwa nayo, bila bomu wala moto. Watoto wetu wajua majina ya magari yapitayo barabarani kuliko ya miti iliyo nyuma ya nyumba. Hatuhitaji bustani ya hekta 43 ili kuanza. Baba au babu atembee na watoto shambani na kuitaja miti. Mwalimu awaambie wanafunzi walete matawi, wayakaushe kati ya magazeti ya zamani, waandike jina la kwao, mahali na tarehe. Nakala moja ibaki shuleni, na nyingine ipelekwe kwingine. Tena waandike na jina la mzee aliyewafundisha, maana hilo ndilo lililosahauliwa na wale waliotutangulia.